Goti la Mwanamichezo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Majeraha, Osteoathritisi na Kurudi Uwanjani

Maswali haya ni yale ninayoulizwa wiki baada ya wiki katika chumba cha fiziotherapia hapa Nairobi. Wanaouliza ni wakimbiaji wa msitu wa Karura, vijana wa soka kutoka viwanja vya vumbi vya Eastlands, wachezaji wa raga wa Barabara ya Ngong, na watu wazima waliocheza sana ujanani na ambao sasa hushika reli wanaposhuka ngazi. Majibu yanahusu goti kwa jumla, na hayawezi kuchukua nafasi ya mtaalamu atakayelishika goti lako, kulikunja na kulipima.

Osteoathritisi ni nini? Ndiyo hiyo baridi yabisi?

Hapana. Hapa kwetu kila goti linalouma huitwa baridi yabisi, na kosa hilo la jina limewafanya watu wengi kutumia kwa miaka dawa isiyowahusu.

Mfupa wa paja na muundi hukutana ndani ya goti, na ncha zake zimefunikwa na gegedu, tabaka telezi linaloziwezesha kusogea bila kukwaruzana. Katika osteoathritisi gegedu hilo hupasuka na kupungua, mfupa ulio chini yake hukakamaa na kuota vinundu pembeni, utando wa kiungo huvimba mara kwa mara, na misuli inayolishikilia goti hudhoofika. Kwa hiyo ni ugonjwa wa kiungo kizima. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Maumivu unayoyahisi hutoka kwenye mfupa, utando na tishu nyingine za jirani, na chakula cha gegedu hutoka kwenye ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka ndani yake kila goti linapobanwa na kuachiliwa. Jambo hili la mwisho ningependa kila mwanamichezo alishike, kwa sababu sehemu kubwa ya ushauri utakaofuata inatokana nalo: goti lisilotembezwa halilishwi.

Baridi yabisi yenyewe ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, mara nyingi vidole vya mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi huweza kuchukua saa moja au zaidi. Jongo nalo hutokana na chembe za asidi ya yuriki na huja ghafla kwa maumivu makali. Magonjwa haya mawili yana tiba zake mahususi. Mtu mwenye umri wa miaka 45 au zaidi, ambaye goti lake huuma anapolitumia na ambaye ukakamavu wake wa asubuhi hauzidi nusu saa, kwa kawaida ana osteoathritisi, na daktari mzoefu anaweza kuitambua hata bila picha.

Je, kukimbia kunaharibu magoti?

Swali hili huulizwa na wake wa wakimbiaji kuliko wakimbiaji wenyewe, na ni swali la haki. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha watu wa makundi matatu. Osteoathritisi ya goti au nyonga ilionekana kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa ajili ya afya na burudani, asilimia 10.2 ya wasiokimbia kabisa, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Takwimu za namna hii haziwezi kuthibitisha kwamba kukimbia ndiko kulikowakinga wale wa kwanza, kwa kuwa mwenye goti bovu huacha kukimbia mapema. Hata hivyo, zinatosha kumwondolea hofu mtu anayezunguka Karura mara tatu kwa wiki.

Ninachokiona mara nyingi zaidi ni haraka. Mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima hujiandikisha kwa mbio za kilomita 21, akabakiwa na wiki sita, akaanza kukimbia kila siku kwenye lami. Mapafu huzoea mapema, misuli hufuata, lakini kano na mfupa huchukua miezi. Anayeongeza umbali kidogo kidogo, akajipa siku za kupumzika na kuchanganya lami na njia za udongo, mara nyingi hanifikii.

Nimeumia uwanjani leo. Nifanye nini katika saa za kwanza?

Toka uwanjani, na usijaribu goti kwa kukimbia pembeni ili uone kama litashika. Lifunge kwa bendeji ya kubana kiasi, liinue juu ya mto, na uliwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20, ukirudia kila baada ya saa chache. Katika siku mbili au tatu za mwanzo epuka maji moto, pombe na kukandwa.

Hilo la kukandwa ninalisema kwa heshima kwa wakandaji wetu, ambao wengi wana mikono yenye ujuzi na husaidia misuli iliyochoka. Goti lililovimba kwa damu ni jambo jingine. Likikandwa kwa nguvu na mafuta ya moto siku hiyohiyo, damu huzidi kuvuja ndani, na kama kuna mfupa uliovunjika, hali huwa mbaya zaidi. Baada ya siku hizo za kwanza anza kulikunja na kulinyoosha taratibu kadiri linavyoruhusu, kwa sababu kulilaza wiki nzima bila kulisogeza hulikakamaza na kuidhoofisha misuli ya paja kwa kasi ya kushangaza.

Nitajuaje kwamba jeraha ni kubwa?

Sikiliza goti na uangalie saa. Ukisikia mlio wa “pop” wakati wa kugeuka au kutua, kisha goti likavimba ndani ya saa chache na kukosa uthabiti kana kwamba litakuangusha, uwezekano ni mkubwa kwamba umekata ile kano ya katikati ya goti ambayo makocha huiita ACL. Uvimbe unaojitokeza kesho yake, pamoja na goti kukwama usiweze kulinyoosha, huelekeza kwenye meniski, ile mito miwili ya umbo la mwezi mwandamo iliyo kati ya mifupa.

Picha ya eksirei inahitajika baada ya kuumia ikiwa una umri wa miaka 55 au zaidi, ikiwa huwezi kutembea hatua nne, ikiwa goti halikunjiki hadi pembe mraba, au ikiwa kubonyeza pia ya goti au kichwa cha mfupa mwembamba ulio upande wa nje chini ya goti kunaleta maumivu. Kanuni hii ilibuniwa Ottawa, Kanada, na hutumiwa katika nchi nyingi. Haihitaji mashine yoyote, hivyo kocha wa mtaa anaweza kuijua.

Goti lililo jekundu, la moto na lililovimba, pamoja na homa, ni dharura ya siku hiyohiyo hata kama hukuumia, kwani bakteria wanaweza kuliharibu gegedu katika siku chache. Mguu uliopoa au kufa ganzi baada ya goti kuteguka kwa nguvu ni dharura vilevile. Mtu katika hali hizo asisubiri zamu ya kliniki. Aende moja kwa moja kwenye kitengo cha dharura.

ACL ikikatika, ni lazima nifanyiwe upasuaji?

Si lazima kwa kila mtu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa vijana 121 wanaopenda michezo: kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema na mazoezi, na jingine lilianza na mazoezi ya kitaalamu huku upasuaji ukibaki kama chaguo la baadaye. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa na hali inayolingana, na zaidi ya nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamefanyiwa upasuaji.

Mchezaji wa soka au raga ambaye maisha yake ni kugeuka ghafla, na ambaye goti lake linaendelea kumwangusha licha ya miezi ya mazoezi mazuri, ana sababu nzuri ya kuchagua upasuaji. Mkimbiaji wa njia iliyonyooka huenda asiuhitaji kamwe. Vyovyote iwavyo, wiki za mazoezi kabla ya upasuaji hazipotei bure, kwani goti linaloingia katika chumba cha upasuaji likiwa limenyooka na lenye misuli hutoka humo likiwa na nafasi bora. Ikiwa meniski imechanika kwa namna inayoweza kushonwa, hasa kwa kijana, hapo haraka ina maana. Muulize daktari wa mifupa kama inaweza kushonwa kabla ya kukubali ikatwe.

Nimefanyiwa upasuaji wa ACL na sihisi maumivu tena. Kwa nini niambiwe nisubiri miezi 9?

Kwa sababu maumivu huondoka mapema kuliko hatari. Kipande cha kano kilichopandikizwa hukaa miezi mingi kikijijenga upya kabla hakijawa imara, na misuli ya mbele ya paja iliyonyauka hairudi kwa nia njema peke yake. Watafiti wa Norway na Marekani waliripoti mwaka 2016 kwamba, kwa waliorudi katika michezo ya kugeukageuka, kila mwezi mmoja wa kuchelewa hadi kufikia miezi 9 ulipunguza kwa takriban nusu uwezekano wa kuumia tena. Kalenda nayo haitoshi. Mguu ulioumia unapaswa kufikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, uweze kuruka na kutua kwa mguu mmoja bila goti kuingia ndani, na mchezaji awe ameshafanya mazoezi kamili na wenzake kabla ya mechi.

Ninajua shinikizo lililopo. Msimu unaisha, kocha anapiga simu, na mwenye klabu ana hesabu zake. Ninawakumbusha vijana habari za mkimbiaji wetu David Rudisha, aliyeshinda mita 800 za Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91. Mwaka 2013 aliumia goti akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Alipokimbia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow mwaka 2014 alipata fedha, hakupata dhahabu, na huenda wapo waliodhani amekwisha. Kisha akashinda dunia Beijing mwaka 2015 na Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Jeraha la leo lina uhusiano gani na osteoathritisi ya miaka ijayo?

Uhusiano wa karibu sana, na laiti ungesemwa wazi katika kila chumba cha kubadilishia nguo. Mapitio ya tafiti yanaonyesha kwamba takriban nusu ya watu waliochanika ACL au meniski huwa na osteoathritisi yenye maumivu miaka 10 hadi 20 baadaye. Kijana aliyeumia akiwa na miaka 18 anaweza kuwa na goti la mzee kabla hajafika 40. Kuijenga upya kano kwa upasuaji huleta uthabiti, lakini hakujathibitishwa kwamba kunaizuia osteoathritisi.

Kilicho mikononi mwako ni yale yanayofuata: kutoumia mara ya pili, kurudisha nguvu zote za paja, kutoongeza uzito baada ya kuacha mchezo, na kuilinda meniski iliyosalia. Wengi huacha mazoezi siku wanapoacha magongo, na hapo ndipo goti hupotea.

Picha imeonyesha mifupa inasagana. Nifanye nini ili nisimalizie gegedu lililobaki?

Fanya mazoezi. Maneno kama “kusagana” na “kuisha” huwatisha watu hadi wakaketi, na kuketi ndiko kunakowamaliza. Picha na maumivu havilingani sikuzote: wapo wenye picha mbaya wanaotembea hadi Ngong Hills, na wapo wenye picha nzuri wanaolia ngazini. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na makalio ni sehemu ya msingi ya tiba katika miongozo yote mikuu ya kimataifa, na hupunguza maumivu bila kulichakaza gegedu. Maumivu yasiyozidi 5 kati ya 10 wakati wa zoezi, yakiwa yametulia kufikia asubuhi inayofuata bila uvimbe mpya, yanakubalika. Yakizidi hapo, punguza mzigo, usiache zoezi.

Nimeshauriwa goti “lisafishwe” kwa kamera ndogo inayoingizwa ndani yake. Je, kutanisaidia?

Kwa osteoathritisi ya kawaida, hapana. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 ambao baadhi yao walisafishwa goti na wengine wakachanjwa ngozi tu bila kuguswa ndani. Nafuu ilikuwa sawa. Goti la kijana lililokwama kwa sababu ya meniski iliyochanika ni suala tofauti, na huko kamera ina kazi yake.

Vipi kuhusu sindano ya goti kabla ya mashindano?

Hapa nitakawia, kwa sababu nimeona vijana wakiharibikiwa.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, huweza kutuliza goti lililovimba kwa wiki chache, na kwa mtu mzima mwenye osteoathritisi aliyeshindwa hata kuanza mazoezi kwa maumivu, inaweza kumfungulia mlango. Lakini si ya kurudiarudia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu 140 walidungwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu steroidi ya triamsinoloni na nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa. Waliodungwa steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti na ya wenzao.

Kwa mwanamichezo kuna hatari ya pili. Tangu tarehe 1 Januari 2022, steroidi za aina hii zimepigwa marufuku wakati wa mashindano kwa njia zote za sindano, ikiwa ni pamoja na sindano ya ndani ya goti. Triamsinoloni imewaponza wanariadha kadhaa wa Kenya. Ikidungwa kwenye msuli, muda unaoshauriwa kabla ya kushindana ni siku 60. Basi ukidungwa, uliza jina kamili la dawa, mahali ilipodungwa na tarehe, uandikiwe, na uwasiliane na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, kuhusu kibali cha matibabu kabla ya kukanyaga uwanja. Neno “ni ya maumivu tu” kutoka kwa muuza dawa halitakutetea.

Sindano za chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zinazotengenezwa kutokana na damu yako mwenyewe zinauzwa kwa bei kubwa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021, wenye wagonjwa 288 wa osteoathritisi, haukuona zikishinda maji ya chumvi. Ningeweka fedha hizo kwenye fiziotherapia.

Je, diklofenaki na ibuprofeni ni salama?

Kwa siku chache na kwa kipimo sahihi, kwa mtu mwenye figo, tumbo na moyo wenye afya, husaidia. Anza na ya kupaka, kwa kuwa goti liko karibu na ngozi. Usimeze vidonge hivi kabla ya mbio ndefu, maana figo za mtu aliyepungukiwa na maji huumizwa navyo kwa urahisi. Mwenye shinikizo la damu au vidonda vya tumbo amwone daktari kwanza.

Bamia, supu ya kwato na glukosamini huongeza ute wa goti?

Bamia huteleza mdomoni, na mtu akalinganisha utelezi ule na ute wa goti. Lakini tumbo huivunja bamia kama chakula kingine chochote, na ute wa kiungo hutengenezwa na utando wa goti lenyewe. Supu vilevile. Kula vyote viwili kwa raha zako, ni vyakula vyema. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, ilipimwa Marekani kwa wagonjwa 1,583 na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Kwa jumla haikukishinda kidonge kisicho na dawa yoyote ndani yake.

Uzito una uzito gani katika jambo hili?

Mkubwa. Katika utafiti mmoja wa watu wazima wenye uzito uliozidi na osteoathritisi ya goti, kila kilo moja iliyopungua ililiondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Hesabu hatua za siku moja kutoka stendi ya matatu hadi kazini na kurudi. Mchezaji aliyestaafu ambaye anaendelea kula kama yuko kambini analibebesha goti lake lililoumia mzigo usiokuwepo alipokuwa akicheza.

Baridi ya Julai ndiyo iliyoniletea ugonjwa huu?

Hapana. Baridi huweza kukufanya uhisi ukakamavu zaidi, na kuvaa suruali nzito ni jambo jema, lakini haili gegedu.

Binti yangu anacheza soka shuleni. Nimlinde vipi?

Wasichana huchanika ACL mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana katika michezo ileile, na sehemu kubwa ya majeraha hayo hutokea bila kuguswa na mtu, wakati wa kutua au kugeuka. Programu ya kupasha mwili moto ya FIFA 11+ huchukua dakika 20 na haihitaji vifaa vya pekee. Ilipojaribiwa kwa wasichana wa Norway, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja. Mwombe mwalimu wa michezo aifanye kabla ya kila mazoezi, na umweleze kwamba faida hupotea ikifanywa siku ya mechi peke yake.

Niliumia miaka 15 iliyopita na sikutibiwa vizuri. Sasa goti linauma. Nimechelewa?

Hujachelewa. Anza na kiti cha jikoni: inuka na uketi polepole bila kutumia mikono, mara 10, pumzika, kisha urudie mara mbili zaidi, siku tatu kwa wiki. Kiti kikiwa kifupi mno, weka mto juu yake. Wiki ya tatu ongeza kupanda kidato kimoja cha ngazi za ghorofa yenu kwa mguu ulioumia, ukishuka taratibu kuliko ulivyopanda. Choo cha kuchuchumaa kikikutesa, tafuta kitu imara cha kushika, na usione haya. Siku zilizobaki tembea au panda baiskeli kwa nusu saa.

Jipe wiki 12 kabla ya kuhukumu. Andika kwenye daftari umbali uliotembea na hali ya goti asubuhi iliyofuata, kisha mpelekee mtaalamu wa fiziotherapia daftari hilo, maana litamweleza mengi kuliko picha. Ikiwa baada ya miezi ya jitihada ya kweli bado huwezi kulala kwa maumivu, kubadilishiwa goti ni tiba halali, na takriban magoti 8 kati ya 10 ya bandia hudumu miaka 25. Watu hurudi kutembea, kuogelea na kuendesha baiskeli, ingawa madaktari wengi hawashauri kukimbia na kurukaruka.

Na kiti hichohicho cha jikoni utakihitaji tena kabla na baada ya upasuaji.